Baba wa Kwenye Filamu

“Uongo!”

Sauti ilitoka safu ya nne, katika giza la ukumbi. Watazamaji kumi na mmoja wakageuka. Kwenye skrini, mkulima wa matufaha alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka shambani, akakuta milango yote ya karatasi ya nyumba yake imejaa michoro ya wino. Aliyeichora ni bintiye wa miaka tisa. Yule baba alivua buti taratibu, akaketi sakafuni, akanyoosha kidole kwenye mchoro mmoja. “Huyu ni nani?” akamuuliza mtoto.

“Uongo mtupu!”

Bi Chizuko Narumi, mwenye ukumbi, alikuja na tochi, akamshika mkono yule mzee na kumtoa nje. Mzee alikuwa mwembamba, amevaa koti la shambani, na ngumi zake zilikuwa zimekunjwa.

“Mzee Teshirogi, leo ni mara ya tatu wiki hii. Siku mbili umeguna, leo unapiga kelele. Kama hupendi katuni, unafuata nini hapa?”

“Nani kakwambia sipendi?” Mzee alikuwa akihema. “Ile theluji imechorwa na mtu anayeijua. Hata mvuke wa wali! Nimekula wali maisha yangu yote, sikuwahi kuutazama mvuke wake mpaka juzi, humu ndani. Lakini yule baba! Hapa Hirosaki, miaka ile, nionyeshe baba mmoja wa hivyo. Mmoja tu!”

Hasira za Bi Narumi zilipungua. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwaonyesha watu wazima filamu za namna hii. Aliwajua wanaokata tiketi wakiwa wameinamisha kichwa, wakidai wanamtafutia mjukuu, kisha wanatoka macho mekundu na kusahau miavuli yao. Aliyetoka amekunja ngumi, huyu alikuwa wa kwanza.

“Baba yako alikuwa mkali?” akamuuliza kwa upole.

“Mkono wake ulijua kazi moja tu.”

Bi Narumi akamletea chai, naye akainywa amesimama.

“Sikiliza, mzee wangu. Jumamosi Bi Orikasa, aliyeitengeneza filamu, anakuja kutoka Tokyo kuzungumza na watazamaji. Kama una la kusema, mwambie yeye. Wateja wangu waache watazame kwa amani.”

Mzee aliishusha bilauri.

“Anakuja mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi viti vya kukunja. Safari hii mzee Teshirogi alitazama filamu yote bila kufungua mdomo, hata ilipofika ile sehemu ya milango. Bi Narumi alishukuru kimoyomoyo.

Taa zilipowashwa, Kaori Orikasa alipanda jukwaani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, nywele fupi, pete ya ndoa kidoleni, vidole vina madoa ya rangi. Kijana mmoja akamuuliza kwa nini filamu nzima haina muziki mpaka dakika ya mwisho. Alicheka, akajibu kwamba nyumba ya mashambani ina kelele zake za kutosha. Watu wakacheka pamoja naye.

Mzee Teshirogi akasimama bila kungoja kipaza sauti.

“Yule baba hakuketi,” alisema.

Kicheko kilikatika.

“Hakuuliza ‘huyu ni nani.’ Aliichana ile milango, mmoja mmoja. Akazikusanya karatasi zote, na madaftari yaliyokuwa yamefichwa chini ya godoro, akazitia kwenye jiko la kuni. Na mtoto alisimamishwa palepale, atazame mpaka ziishe!”

“Mzee, hiyo ni katuni tu,” kijana wa maswali alisema. “Keti basi.”

“Katuni tu? Umekaa saa mbili unatazama, halafu unasema katuni tu? Wewe huna macho?” Alimgeukia tena mwanamke wa jukwaani. “Watu wanalia hapa! Wanarudi nyumbani wakiamini kulikuwa na baba kama yule. Kwa nini umewadanganya? Sema! Kwa nini hukuonyesha moto?”

Nyuma kabisa mama mmoja alianza kulia. “Maskini,” alisema. “Mtoto mdogo kufanyiwa hivyo. Pole, mzee. Pole sana.”

“Msinipe pole!” Mzee alipiga kiti cha mbele yake, kikalia. “Msinipe pole mimi! Sitaki pole ya mtu!”

Bi Narumi alikuwa tayari kwenye ngazi, akishuka kumfuata. Safari hii hatamruhusu kuingia tena, alijiapia, hata akija na machozi. Lakini Kaori Orikasa aliinua kiganja kumzuia. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Aliweka kipaza sauti chini, akashuka jukwaani, akapita kati ya magoti ya watu hadi safu ya nne. Alisimama mbele ya mzee kwa ukaribu ambao Bi Narumi aliuogopa, kwa sababu sasa kulikuwa na watu wawili waliokunja ngumi.

“Sikuonyesha moto kwa sababu filamu ni yangu,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ukumbi mzima uliisikia.

“Lakini yule baba…”

“Yule si wewe, Baba. Yule ni mtu niliyekuwa nikiomba kila siku aje anichukue nyumbani kwako.”