Bitana ya Bibi Stamenka

Bibi Stamenka alikikunja kipande cha nne cha bitana, akapenyeza ukucha kati ya sponji na kitambaa, akavuta. Kikabanduka chote kama ganda la kitunguu.

"Hiki hata mbwa wa jirani simlazii," akasema, akakitupa sakafuni.

Mwanawe, Vidosav, akakiokota. Mtu mzima, mvi tele, bwana mkubwa wa kiwanda cha vitambaa vya viti vya magari, anaokota takataka za mama yake mbele ya wafanyakazi. Lakini tusimhurumie upesi. Kiwanda kilikuwa bado kwa jina la mama, na mama alikuwa ametamka mwenyewe Jumapili moja, baada ya supu: siku atakayopata bitana ya jeneza inayomridhisha, siku hiyohiyo atasaini kumwachia. Kwa mara ya kwanza maishani Vidosav alianza kuwahi kazini.

Habari ya jeneza haikumshangaza mtu. Katika mji wao, karibu na Leskovac, kila bibi ana nguo zake za kuzikiwa kabatini, soksi na viatu ndani yake, na wengine wamekwisha kuchongesha jiwe la kaburi lenye picha yao na huenda kulifuta vumbi. Bibi Stamenka alitaka tu bitana iwe laini na isibanduke.

"Vipimo?" Vidosav alimuuliza siku ile.

"Mita mbili na kitu. Na mabegani iwe pana."

"Mama, wewe hufiki hata kwapani kwangu."

"Nimekuuliza urefu wangu? Kata."

"Na rangi?"

"Chagua wewe. Una macho."

Vidosav akachagua buluu iliyokoza, huku akicheka kimoyomoyo. Uzee huo, alijiambia, akili imeanza kuvuja. Alikuwa amekwisha kuongea na Waitaliano juu ya bei ya kiwanda. Mama wa watu hajafa, mtoto anauza.

Kazi yenyewe haina gundi. Sponji hupitishwa juu ya mstari wa moto wa gesi, uso wake ukayeyuka, na kabla haujapoa hugandamizwa na kitambaa kati ya rola mbili. Moto ukizidi, sponji inaungua. Ukipungua, kitambaa kinabanduka. Moshi wake ni mchungu, unakata koo, ndiyo maana juu ya mashine kuna feni za kuunyonya na kuutoa nje.

Feni hizo Vidosav alizizima zamani. Laiti ingekuwa ni ubahili, angalau ubahili una hesabu. Yeye aliogopa upepo. Feni zikivuta, hewa baridi huingia kwa chini ya mlango na kumpiga shingoni, na pale kwao kila mtu amelelewa akijua kwamba hakuna kinachoua kama upepo wa shingoni. Basi madirisha yamefungwa, mlango umezibwa kwa blanketi, na bwana mkubwa kajiviringisha skafu ya sufu, anakohoa ndani ya moshi kama trekta bovu, na katikati ya kukohoa analaani upepo.

"Washa feni, mwanangu," mama yake alimwambia majira yote ya baridi.

"Unataka nife kwa upepo?"

"Fungua basi dirisha moja."

"Mama, wewe shughulika na jeneza lako."

Gorica, mwendesha mashine, alikuwa na kifuniko cha pua alichojinunulia mwenyewe. Akasema chini kwa chini kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Vidosav akamsikia.

"Toka hapo. Hujui kazi wala adabu. Kipande cha tano nakibandika mwenyewe."

Akashinda kutwa nzima mbele ya mashine, pua juu ya moto, akipandisha gesi na kuishusha, na moshi ukimpanda usoni. Mara moja aliinama, akakohoa kwa muda mrefu, akatema kitu chekundu kwenye leso. Akakitazama, akaikunja leso haraka na kuitia mfukoni. Bibi Stamenka, aliyekuwa ameketi na kahawa yake pembeni, akageuza uso ukutani.

Kipande cha tano kilitoka laini kama mkate wa maziwa. Bibi akapenyeza ukucha, akavuta. Akavuta tena. Ukucha ukavunjika.

"Hiki ndicho," akasema.

Akasaini palepale, juu ya meza ya kukatia vitambaa, hata miwani hakuvaa. Vidosav akambusu mashavu mara tatu, akamimina rakia, pombe yao kali ya matunda, akamwombea mama yake miaka mia bila hata haya ya kuinamisha macho. Kisha akampigia simu seremala alete jeneza, maana aliyepata haja yake huwa hana subira na haja za wengine.

Seremala na mwenzake wakaliingiza, wakaliweka juu ya viti viwili. Gorica akapigilia bitana ya buluu, pembe kwa pembe, ikakaa sawasawa. Lilikuwa jeneza refu, pana, la kupendeza kwa kweli.

Vidosav, sasa mwenye kiwanda, akamnyooshea mama yake mkono kwa mbwembwe. "Haya, mama, lijaribu. Nitakushika usianguke."

Bibi Stamenka hakuushika mkono ule.

"Langu liko darini tangu mwaka aliokufa baba yako," akasema, na sauti yake haikuwa na dharau tena hata kidogo. "Ingia wewe, mwanangu, nione kama unaenea."