Kidevu Utosini

Daktari alikuwa ameshapima mifupa ya uso wa marehemu asiyejulikana, aliyebaki fuvu tu, na hesabu ikampa kimo cha mtu mrefu. Sasa alimgeukia mama aliyekuja kumtafuta mwanawe.

"Alikuwa na urefu gani, mama?"

"Twiga yule! Namba sizijui, mwanangu. Ila akinikumbatia, kidevu chake kilikuwa kinatua hapa." Akagusa utosi.

Daktari akamwomba avue viatu, asimame ukutani. Akashusha rula taratibu mpaka ikagusa mvi zake.

Mama akafumba macho, akatabasamu.

Daktari akasoma kipimo, akajumlisha na urefu wa lile fuvu, kidevuni hadi utosini. Jumla ikaangukia palepale kwenye kimo cha kwanza.

Moyo ukamgomea kuiinua ile rula.