Sifa Chini ya Maji

Jumapili, tarehe nne Februari. Asubuhi hiyo anga lilikuwa safi, na bahari imetulia kama mafuta kwenye karai kabla ya moto.

Kwa miaka kumi na miwili Bi Mwanakheri, mpishi wa hoteli, alikuwa akiwafungia wageni sambusa za safari ya matumbawe, bila kuyaona mwenyewe. Leo alipanda mashua kama mgeni. Alishika miwani ya kuzamia kwa mikono miwili.

"Bi Mwanakheri, ukiogopa turudi," nahodha Shee alimtania. "Sambusa tunazo."

"Nyamaza wewe! Nishike mkono tu."

Akateremka, akazuia pumzi, akaingiza uso majini. Chini yake samaki wa manjano walipita katikati ya matumbawe ya zambarau. Akafungua kinywa kumsifu Mungu, akameza maji ya chumvi.

Aliibuka akikohoa. Wageni wakacheka, naye akawashinda kwa kicheko.

"Subhanallah," alisema alipopata pumzi, mkono wake ungali mkononi mwa Shee. "Nyote mnisikie. Jumapili ijayo namleta Riziki, yule anayewafulia mashuka. Naye hajapaona hapa. Mkono nitamshika mimi."