Kifungo cha Buluu

"Usiung'ate mpira wangu, Fundi, huo si uzi," daktari alitania, akiushusha mpira wa kamera kooni mwake.

Majuma matatu kila tonge lilimkwama kifuani, na mzee wa cherehani alikwisha kujishonea sanda moyoni. Akakodolea skrini macho. Umio ulikuwa umebana, na kwenye mbano kimekaa kifungo cha buluu chenye matundu manne.

Kifungo cha gauni la marehemu mkewe! Majuma matatu nyuma alikuwa akilipunguza limtoshe binti yao, vifungo mdomoni kama kawaida yake, akakumbuka onyo la mwenye gauni: "Utavimeza hivyo, we mzee, nije nikufumue tumbo kama pindo!" Akacheka peke yake. Kisha akakitafuta kimoja kilichokosekana chini ya cherehani hadi magoti yakauma.

Koleo likakitoa. Muuguzi akawa anakipeleka kwenye pipa la taka.

Fundi, kizuio cha meno kingali mdomoni, akamdaka mkono.