Shemeji na Skrini Kuu

Ngumi ya pili ilimng'oa Meiske jino. Alilitema mezani, kando ya kompyuta.

"Video iko wapi?" Noldy alimkamata nywele. "Nataka niione kwa macho yangu, halafu niifute. Leo naapishwa, sitaki balaa nyuma yangu."

Upande wa pili wa ukuta, kijiji kizima cha huko Minahasa, Indonesia, kilikuwa ukumbini kikimngoja mkuu wake mpya, marimba za kolintang zikipigwa kwa nguvu zote. Nani angesikia yowe? Na video ile ya kamera ya mlangoni, isiyo na sauti, ndiyo pekee iliyomwona mshenzi huyu akimuua kaka yake mwenyewe, Vecky, mume wa Meiske. Ikifutwa, Vecky amekufa bure.

Meiske akamwonyesha. Akataka kuifungua.

"We! Unaniona mjinga? Huu mfumo wa Linux wa kompyuta ya Vecky naujua. Kila kitu kinafungukia skrini kuu, na skrini kuu mmeweka ile ya ukutani kule ukumbini. Hamishia hapa!"

Meiske akahamisha. Papo hapo kikatokea kisanduku kikiuliza kama mabadiliko yabaki, la sivyo yatarudi yalivyokuwa baada ya sekunde ishirini. Akanyoosha kidole.

"Toa mkono!" Noldy aliubamiza mkono ule kwa droo. "Unataka kunichezea, eh?"

"Bado haijakubali, shemeji! Ngoja kidogo, ni..."

Teke la tumbo likamlaza sakafuni. Noldy akamkanyaga mbavu hadi kitu kikalia ndani, ndipo akaigeukia kompyuta. Kisanduku kilishaondoka chenyewe. Akaibonyeza video. Wapi! Akabonyeza tena, na tena, kwa hasira. Mbele yake hakikufunguka kitu.

"Kumbe imeharibika!" Alicheka mpaka akakohoa. "Mama wee, umevunjwa mbavu kwa takataka!" Akaifuta hata hivyo.

Meiske alilia kwa sauti, na si kwa sababu ya mbavu. Ni kama Noldy alikuwa amemuua Vecky upya, na yeye akitazama.

Ukumbini kolintang zikanyamaza.

"Unasikia? Wananingoja mimi." Noldy akajifuta damu vidoleni, akaiweka tai sawa, akatoka kwenda jukwaani akitabasamu.

Hakuna aliyempigia makofi. Ukutani, kwenye skrini kuu juu ya kiti alichoandaliwa, video iliyokwisha kufunguka mara tatu ilikuwa bado ikicheza: Noldy watatu wakimchoma Vecky kisu.