Ombolezo la Agustina

Bibi Ghati alikiziba kinasa sauti kwa kiganja chake, kigumu kwa miaka ya kuponda mawe ya dhahabu.

"Siimbi. Nimeshakwambia."

Robi alimeza hasira. Mwezi mzima amekuwa akipanda pikipiki kutoka Turwa hadi Nyangoto, vumbi la malori ya wachimbaji likimjaa mpaka kwenye meno, na kila mara anarudi mikono mitupu. Maonyesho yake yalikuwa yamekaribia. Picha za maharusi wa zamani alikwisha kuzichora, ukuta mzima, lakini zilikuwa bubu. Alitaka lisikike ombolezo lenyewe, lile ambalo msichana aliliimba akitoka kwao kuolewa, akimtukana anayemchukua.

Waliolijua wote wamekufa, kasoro mzee huyu. Watu walisema sauti yake ilikauka siku shimo lilipomfukia mwanawe wa pekee, kabla hajaoa.

"Basi nifundishe mimi, Bibi."

"Kwani unaolewa?"

"Bibi, utakufa nalo!"

"Sifi nalo. Nimemfundisha Agustina, yule ninayeponda naye mawe. Anaolewa Jumamosi. Nenda kwao ukamsikie."

"Anaolewa na nani?"

"Na mwenye ng'ombe," alijibu mzee, akairudia nyundo yake.

Jumamosi Robi aliwahi kwa mzee Machage, baba wa Agustina. Alimtafuta Bibi Ghati katikati ya wanawake waliomsubiri bibi harusi, amsaidie kuelewa maneno. Hakumwona. Leo tena kanikimbia, alinung'unika, akawasha kamera.

Agustina alitoka ndani akilia kwa wimbo.

"Mwizi wewe, umeiba mikono iliyomtekea mama maji. Zizi lako lijae, moyo wako usijae!"

Robi alisisimka. Hatimaye! Sasa alihitaji uso wa huyo anayetukanwa. Akaigeuza kamera kwa vijana waliosimama mbele na mashati yao mapya, akipita sura moja hadi nyingine. Yupi? Hakuna aliyeonekana kuguswa. Mbona mambo yake hayaendi hata siku moja?

"Anayeoa asogee!" aliita mzee Machage.

Vijana wakapisha njia. Bibi Ghati, aliyetoa ng'ombe wake kumwoa Agustina kwa mila, azae kwa jina la mwanawe marehemu, akapita katikati yao, fimbo mkononi, akasimama mbele ya Agustina na kuinamisha kichwa, atukanwe kwa maneno aliyoyafundisha yeye mwenyewe.