Namba Tisa Hana Shida

Karatasi ilipofika mbele yake, Kimya aliifunika kwa kiganja, ingawa ilikuwa haijaandikwa kitu.

"Kila mtu aandike namba ya cherehani yake," alisema msimamizi mpya, amesimama katikati ya chumba cha kushonea sare. "Chini yake aandike shida ya mwili aliyonayo. Jicho, mgongo, kifua, kichwa, sichagui. Nikishasoma ndipo nitajua nani abaki alipo na nani aondoke alipo."

Hakucheka, hakufafanua. Alikuwa na siku tatu tu pale kiwandani na hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

Cherehani zote kumi na mbili zilinyamaza. Msimamizi wa zamani naye aliwahi kuuliza swali kama hilo, mara moja tu, kwa mshona vifungo aliyekuwa akichechemea. "Mguu una nini?" Kesho yake kiti cha yule bwana kilikuwa na mtu mwingine.

Kimya aliandika 9. Kalamu ikagoma hapo.

Shida yake haikuwa ya kuonekana. Ilikuja bila kubisha hodi. Macho yanabaki wazi, mikono inabaki palepale, ila mwenyewe hayupo. Sekunde tatu, pengine sekunde kumi. Mara mbili kwa mwaka ilimwangusha chini kabisa, kwa bahati nyumbani, na shangazi akamlaza ubavu mpaka ilipopita. Wiki iliyopita ilimkuta kazini, sindano ikapita kwenye ukucha. Aliwaambia wenzake kwamba alisinzia. Wakamcheka, naye akacheka nao huku kitambaa kikilowa damu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye duka la mikate, na kule alisema ukweli. Hakuna aliyemfukuza siku hiyo. Walikitupa tu kikombe chake cha chai, kisha sahani yake, na wiki ya pili wakamwambia akapumzike nyumbani. Mapumziko hayo yalichukua miaka miwili.

"Usirudie tena," shangazi alimwambia. "Ugonjwa haukukufukuza. Kilichokufukuza ni mdomo."

Sasa shangazi mwenyewe miguu imevimba, hatoki ndani, na wadogo wawili wa Kimya wanakula kwa cherehani hii.

Mama Pacha wa namba nane alimwinamia. "Mimi shida yangu kubwa ni mume. Niandike?"

Kimya alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Mbona umepauka hivyo, mwanangu? Mimi naandika sikio. Hili la huku halisikii tangu nijifungue. Miaka sita naitikia nisichokisikia, nimechoka."

"Mama, usiandike," Kimya alinong'ona.

"Eti?"

"Usiandike."

Mama Pacha alikwisha kuandika, na herufi zake zilikuwa kubwa za kusomeka kutoka mlangoni.

Upande wa pili, babu mshona kola alikuwa ameigusa karatasi kwa pua, kalamu yake ikitambaa polepole. Neno "sina" lina herufi nne tu, Kimya aliwaza. Mzee ana mkono mzito.

Msimamizi akaanza kukusanya. Visigino vyake viligonga sakafu, vikasimama, vikagonga, vikasimama. Vilipofika namba tisa, Kimya alikuwa amekwisha kuikunja karatasi mara mbili. Msimamizi aliikunjua papo hapo.

"Hapa chini hakuna kitu."

"Ndiyo, mama."

"Huna shida yoyote?"

Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Sina, mama. Mimi mzima kabisa."

Msimamizi aliitia karatasi kwenye rundo, akaenda.

Aliporudi kutoka ofisini alishika rundo la karatasi. "Nitakaowataja wakasimame ukutani. Namba moja."

Mtu akainuka.

"Mbili. Tatu. Nne."

Ilipotajwa nane, Mama Pacha alikusanya mkasi wake na sindano zake, akavitia mkobani polepole, kama anayeaga chumba alichokipanga miaka mingi. Kimya hakuthubutu kumtazama.

"Kumi."

Tisa ilikuwa imerukwa. Kimya alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Ukutani walijaa watu kumi na mmoja, wengine wamekumbatia mifuko yao, na yeye peke yake ameketi katikati ya viti vitupu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na utamu fulani. Amepona. Shangazi alisema kweli.

"Wekeni mifuko chini," msimamizi alisema. "Babu, wewe cherehani yako inahamia dirishani, kwenye mwanga. Mama, nitakukalisha pale ambapo sikio zima litanielekea. Mwenye mgongo, kiti cha kuegemea kinakuja kesho. Hakuna anayefukuzwa hapa. Kila mtu atafanya kazi ambayo mwili wake unaiweza, basi."

Mtu mmoja ukutani alianza kulia. Mama Pacha alicheka kicheko kirefu. Kimya akafungua mdomo, lakini msimamizi alikwisha kufika mbele ya meza yake, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu.

"Nilikuwa nawaza nitampata wapi huyu mtu," alisema. "Aliyekuwa kwenye mashine ya kukatia ameacha kazi jana. Ule wembe unapita tabaka arobaini za kitambaa kwa mkupuo mmoja, na mkono uko hapo hapo kando yake kutwa nzima. Siwezi kumweka mtu anayepotewa hata sekunde moja. Humu ndani mzima ni wewe tu, binti yangu. Inuka twende."

Kule ukutani, wenzake wakaanza kumpigia makofi.